Mbegu za Kisolo Nilizozifagia

Babu yangu alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine Kasongo nzima. Mgeni akifika barazani kwetu, babu hakumuuliza kama anajua kucheza bao. Alisema ukimuuliza mtu hivyo atakujibu anajua, hata kama hajawahi kushika kete. Alimpa kahawa kwanza. Akasikiliza kikombe kinavyorudishwa kwenye sinia, na kama mgeni anangoja mwenzake amalize neno au anamkata katikati. Kisha akaita ndani, na mimi nilijua kwa sauti yake tu kwamba nilete ubao gani.

Kulikuwa na bao kubwa la safu nne, zito, limeingia weusi wa mikono ya watu, na hilo lilikuwa la wazee waliocheza tangu ujana wao, wale ambao wanaweza kukaa na kete mkononi mpaka kahawa ipoe. Kulikuwa na jingine dogo, la kujifunza. Hilo babu alilichezesha kwa sheria nyepesi, kete zote zimepangwa tangu mwanzo, mtu anaona mali yake yote mbele ya macho. Kulikuwa na ubao wa dame wenye miraba ya masizi, kwa makarani wa ofisi ya serikali, ambao bao waliliona ni jambo la watu wasiovaa viatu. Na kwa mtu aliyefiwa, au aliyetoka kugombana na mke wake, babu hakutaka ubao wowote. Alichora kwa mkaa mraba na mistari ya kukatana sakafuni, akampa mgeni mawe matatu, na yeye akashika matatu. Atakayeyapanga kwenye mstari mmoja ndiye mshindi. Ni mchezo wa watoto kabisa.

"Huyu leo kichwa chake kimejaa," aliniambia chinichini. "Tumupe kitu cha kushika tu."

Mimi nilikuwa mbebaji wa mbao. Msichana hakai barazani na wanaume, lakini macho ya babu yalipoanza kuingia ukungu, alicheza na mimi ndani, baada ya swala ya alasiri, ili nimwambie kila shimo lina kete ngapi. Ndivyo nilivyojifunza. Shule yangu ilikuwa chuo cha Kurani, na miaka michache kwa masista, ambako nilitoka na kusoma, kuandika, na kutarizi maua ya aina moja. Mengine yote niliyasoma kwenye mashimo ya bao.

Na kulikuwa na sharti moja nyumbani kwetu. Kete hazilali ndani ya bao. Mkimaliza, hata kama hamkumaliza, zote zinarudi mfukoni kabla ya magharibi, kwa sababu bao likiachwa na kete, wale wasioonekana watakuja kucheza, na wakishacheza hawaondoki. Mkusanyaji nilikuwa mimi tangu mtoto. Nilizizoa tano tano, na mikono yangu ilizoea kufanya hivyo bila kuniuliza.

Bwana yangu alikuja Kasongo kufanya kazi kwenye mashine ya mpunga. Mara ya kwanza alipokaa kwetu, babu alimpa kahawa, akasikiliza kikombe, akaagiza bao kubwa. Mimi nyuma ya pazia moyo uliruka. Kijana wa miaka ile kupewa bao kubwa siku ya kwanza, nilikuwa sijaliona. Nilijua babu amemkubali hata kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba ananitaka.

Kwao ni upande wa Kabambare, kijiji cha njiani, nyumba zimefuata barabara na mashamba ya pamba nyuma yake. Baada ya ndoa alipata kontra ya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, kule Salamabila. Kampuni inawapa nyumba wenye wake, lakini nyumba yenyewe inangojwa. Akasema nikae kwa mama yake, nyumba ikitoka atanitumia kamiyo, lori la kampuni. Mimi ni mtu wa kuota mchana. Tulikuwa bado tuko juu ya magunia njiani, nikawa nimekwisha kuijenga ile nyumba ya kambini, nimeitia madirisha mawili na mapazia yenye yale maua yangu ya masista. Mpaka leo ninapoandika, nyumba hiyo bado itatoka mwezi ujao.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, chumvi, punguza, kwaheri. Mimi Kibangubangu nilikuwa sijui hata salamu. Siku zile chache bwana yangu alipokuwa katikati yetu, alitafsiri kila kitu, na kwa kuwa anapenda utani, nadhani alitufanya tupendane zaidi kuliko tulivyosema wenyewe.

Siku moja kabla hajaondoka, jua likiwa bado juu ya michikichi, niliwasikia wakicheka barazani. Nilikuwa jikoni natwanga majani ya sombe. Nikachungulia. Walikuwa wamekaa chini, yeye na mama yake, wanacheza kisolo. Ni ndugu wa bao letu, lakini mashimo yamechimbwa kwenye sakafu ya udongo, yamelainika kama bakuli, na kete ni mbegu ngumu za kahawia kutoka msituni. Kwetu sikuwahi kuona mama wa mtu anacheza barazani mchana kweupe. Nilirudi kwenye kinu changu nimefurahi sana. Nilijiambia kwamba hapa sitakosa mtu wa kukaa naye.

Kesho yake alfajiri kamiyo ilipiga honi. Mama alimsindikiza mwanawe barabarani. Mimi nilibaki, kwa sababu nilifundishwa kwamba mke mgeni anaonekana kwa ufagio wake. Nikafagia uwanja, nikafagia baraza, nikafika kwenye yale mashimo. Mbegu zilikuwa zimesimama humo, hapa nyingi, hapa moja, hapa mbili. Zimelala usiku mzima. Nilishtuka kidogo, nikasema wamesahau maskini, safari imewachanganya. Nikazizoa tano tano. Nikaziosha, nikazitia ndani ya chungu kidogo, nikaleta udongo mbichi na maji, nikayapaka mashimo yote mpaka yakang'aa. Kisha nikakaa kungoja nisifiwe.

Mama mkwe alirudi vumbi la kamiyo likiwa bado kwenye nguo yake. Mkononi alishika kikapu kitupu ambacho alikichukua nyuma ya nyumba. Akafika barazani, akatazama mashimo, akatazama chungu. Akakaa pale pale alipokuwa amesimama, kikapu magotini. Nilimletea chai, hakuigusa. Mchana nilileta ugali wa bukari na sombe, akasema ameshiba.

Tangu siku ile alinyamaza. Hakunitukana. Kazi tulifanya pamoja, shambani tulikwenda pamoja, yeye mbele na mimi nyuma, na kama kulikuwa na kuni za kubeba alichukua mzigo mkubwa mwenyewe. Ila neno halikutoka. Jioni aligeuza kiti chake kuelekea barabara, na mimi nilikaa upande wangu nikisikiliza kijiji kinavyocheka kwa lugha ambayo siijui. Sijapata kuwa peke yangu hivyo, na nyumba ina watu wawili. Nilitaka kitu kimoja tu, yule mama akae na mimi. Hata bila maneno. Nisipopata hicho, nilijua siku moja nitapanda kamiyo ya kwanza inayoelekea Kasongo, na bwana yangu atapata habari kwa watu.

Nikamkumbuka babu. Nikasema tatizo ni dogo, sijampa mchezo unaomfaa.

Kwanza nilimwona kama mtu mwenye kichwa kilichojaa, nikamchorea mraba wa mkaa na kumpa mawe matatu. Aliyatazama yale mawe, akatazama uso wangu, akayachukua akaenda kuyapanga chini ya chungu cha maharage, maana figa moja lilikuwa limelegea. Nikajua nimemdharau bila kutaka. Huyu ni mtu wa mchezo mzito.

Nikapanda juu kidogo. Nikatafuta kifuniko cha sanduku la sabuni, nikakitengenezea dame. Askari wangu walikuwa punje za mahindi meupe, wake maharage meusi. Safari hii alikaa. Alinitazama nikimwonyesha kwa vidole jinsi ya kwenda na jinsi ya kuruka, na nadhani alikuwa ameanza kuelewa, ndipo jogoo wa jirani akapanda barazani akala jeshi langu lote kwa mara moja. Mdomo wa mama mkwe ulitaka kucheka. Nilikiona kicheko kimefika hapa pembeni. Halafu macho yake yakaenda kwenye mashimo ya kisolo, kicheko kikarudi ndani, akasimama.

Jirani mwenyewe, mwenye jogoo, alikuwa mke wa kaka mkubwa wa bwana yangu kwa upande wa baba mdogo. Mwanamke mnene, mcheshi, anayejua Kiswahili vizuri, na tangu siku ya kwanza aliniita Mungwana, wanavyowaita watu wa kwetu Kasongo, kana kwamba ndilo jina nililopewa na wazazi. Siku moja tulikuwa mtoni tunafua, nikamweleza shida yangu. Nikamwambia nimejaribu mawe, nimejaribu dame, na sasa nafikiria kuchora bao la kwetu la safu nne, ila naogopa sheria zitamchosha. Kwa nini hataki kucheza kisolo chake na mimi?

Aliacha kufua.

"Mungwana, weye haukujua kweli?"

"Kujua nini?"

"Ile kisolo iko ya bwana yako. Mutu akienda safari, anacheza na mama yake, wanaiacha katikati. Mbegu zinasimama zinamungoja. Akirudi ndiyo wanamaliza. Mama alikwenda kuleta kikapu cha kuzifunika, maana hatufunike mpaka vumbi ya safari ianguke. Anarudi, anakuta weye umezipanga ndani ya chungu kama maharage."

Nilicheka, kwa sababu nilidhani ni utani wake. Nilipomtazama hakuwa anacheka, na sabuni yangu ilikuwa inakwenda na maji.

Nikauliza kama haziwezi kurudishwa. Akasema zirudishwe wapi, nani anakumbuka zilivyosimama? Mama alikuwa anakumbuka upande wake, upande wa mwanawe hakuutazama sana kwa sababu alijua atauona tena. Na mimi niliyezizoa sikuziangalia hata moja. Tano, tano, tano, kama babu alivyonizoeza. Nikauliza kama mama anafikiri mwanawe hatarudi. Jirani akasema hapana, mama hasemi hivyo. Anasema tu kwamba sasa hakuna kitu cha kumuita.

Akaona uso wangu, akaona amezidisha, akanirushia maji.

"Lakini kwenu munafagia, kweli kweli. Munafagia hata nyayo za mutu."

Baada ya hapo niliacha kumpa mama mkwe michezo. Nilikuwa nimepima akili yake, nimepima ujuzi wake, kumbe ile nafasi iliyo mbele yake ina mwenyewe, na mtu hawezi kuichagua nafasi ya mwingine hata kama amefundishwa na babu yangu. Nikachimba mashimo yangu madogo nyuma ya jiko, nikaokota mbegu zangu mwenyewe msituni, nikawa nacheza peke yangu.

Kucheza peke yako si rahisi, unajua mwenzako anafikiri nini. Basi nikawaalika wageni. Nilimwalika bwana wa serikali wa Kabambare, nikampa bao la kujifunza kwa sababu ana haraka. Nilimwalika yule kapita wa pamba anayetupigia kelele shambani, nikamfunga vibaya. Malkia wa Ubeleji nilimpa mawe matatu, maana sikujua kama amesoma. Nilizungumza nao kwa sauti, niliwaonea huruma walipokosea, niliwamiminia chai isiyokuwapo. Mtu angepita angesema mke wa fulani amepatwa. Lakini saa ile ilikuwa nzuri, na nilipomaliza nilikusanya mbegu zangu, nikakuta jua limeshuka na kweli sikuwa na mgeni.

Siku moja nilikuwa nacheza kisolo dhidi ya mzee mmoja wa kufikirika kutoka Nyangwe, mchezaji hodari, na nikawa nimekwama. Nilishika mbegu nikitaka kuanza shimo la kati. Ukaja mguu. Mguu mkubwa wenye udongo wa shambani, ukasimama karibu na mkono wangu, kidole gumba kikanyooka, kikagusa shimo la pembeni.

"Hapa," mama mkwe akasema. "Kule utakufa."

Akaokota kuni zake akaenda. Nikacheza hapo aliponionyesha, na yule mzee wa Nyangwe alimalizika mara moja. Nilibaki nimechuchumaa, nikirudia yale maneno mawili matatu kama mtu aliyepewa nguo mpya ya kikwembe.

Toka hapo alipita nyuma ya jiko mara nyingi zaidi kuliko kuni zilivyohitaji. Hakukaa. Alionyesha kwa kidole cha mguu, akaenda. Nami nilianza kumwachia mafumbo: nilipanga mbegu mahali pagumu makusudi, nikaondoka kwenda kuchota maji, nikirudi nakuta ameshacheza, mbegu zimesonga. Nilifikiri tumekaribia.

Ndipo akaja dereva wa chumvi kutoka Salamabila. Alileta kipande cha kitambaa na sukari kutoka kwa bwana yangu, na salamu zake, na habari kwamba ametia kidole kwenye kontra nyingine. Nyumba bado. Watu ni wengi, matofali ni machache. Lakini afya yake ni nzuri na anatusalimu sana, sana, dereva alirudia, kama mtu anayeongeza sukari. Jirani alimtafsiria mama. Mama aliuliza jambo moja, na jirani hakutaka kulitafsiri, nikalielewa mwenyewe: kama mwanawe alisema atarudi lini. Dereva naye alielewa, akatikisa kichwa.

Mama mkwe hakunitazama. Alikwenda barazani, akainama juu ya yale mashimo niliyoyapaka udongo, akapitisha kiganja ndani ya moja, polepole, kama mtu anayepapasa kitanda asubuhi. Ningependa angenipigia kelele. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa mbele ya mashimo yangu, na siku hiyo hata Malkia hakuja.

Mguu wake haukupita tena.

Wakati wa soko la pamba kaka yangu alifika na kamiyo ya wanunuzi. Alikaa uwanjani, akapewa maji, akasema kwa heshima habari aliyotumwa: babu amedhoofika, macho yamefunga kabisa, ananitaka. Na wazee nyumbani wameonelea kwamba nikishafika nibaki huko huko, mpaka nyumba ya kambini itoke. Mume hayupo, akasema, hapa unakaa na nani? Hakusema kwa ubaya. Kamiyo itaondoka kesho alfajiri. Mama mkwe alikuwa anapepeta mpunga karibu yetu. Katika maneno yote hayo nadhani alishika mawili, Kasongo na kesho.

Nilifunga vitu vyangu, havikuwa vingi. Moyo wangu ulikuwa unakwenda huku na huku. Nilimtaka babu, nilikitaka kile kikohozi chake nyuma ya kahawa. Na niliona haya kwamba naondoka kwenye nyumba hii kama nilivyoingia, mgeni mwenye ufagio.

Alasiri, jua likiwa kwenye michikichi, nilisikia kitu kinaparuza jikoni. Mama mkwe alikuwa ameteremsha kile chungu kutoka kwenye utaa wa juu ya moto. Zile mbegu nilizoziosha zilikuwa zimeshika moshi, zimekuwa nyeusi. Akazimimina barazani, akazigawa kwenye mashimo, akakaa upande wake.

"Kuya hapa, mama," akaniambia.

Alikuwa hajawahi kuniita kitu chochote kabla ya hapo.

Nilikaa upande wa bwana yangu. Niliwaza kidogo kama nimwachie ashinde, yeye ni mkubwa na mimi naondoka. Lakini babu alinifundisha kwamba mtu wa mchezo mzito ukimwachia anajua, na anaumia. Nikacheza kwa kichwa changu chote. Yeye alicheza haraka, mbegu zilitoka vidoleni kama mvua ya kwanza, na kila nilipofikiri sana alitoa sauti ndogo puani ya kunicheka. Jirani alikuja akasimama uwanjani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Kaka yangu, aliyelelewa na bao la barazani, alitutazama wanawake wawili tumekaa chini, akasogea karibu kuona mashimo.

Ikafika zamu yangu, na nikaona njia. Nikianza shimo la pili nitazunguka na kuichukua hazina yake kubwa yote. Nikahesabu, nikahesabu tena. Nikanyoosha mkono.

Kiganja chake kikashuka juu ya kifundo cha mkono wangu.

"Tuache," akasema.

Nilifikiri nimekosea sheria. Nilimtazama, naye anatazama mbegu. Basi nikatii, na kwa kuwa mchezo umekwisha, vidole vyangu vikaanza kazi yao ya tangu utotoni. Vilikuwa vimeshagusa mbegu ya kwanza, ndipo akanibana kwa nguvu.

"Zisimame. Iko zamu yako." Akatafuta maneno mengine katika Kiswahili chake cha sokoni, akakosa, akayapata. "Utakuya kucheza."

Akainuka kwenda kutazama moto.

Nilibaki pale. Nilizitazama mbegu shimo kwa shimo, upande wangu na upande wake, mpaka nikawa naweza kuziona nikiwa nimefumba macho. Yule jogoo akapanda ngazi ya baraza, na nilimfukuza kwa hasira ambayo sikujua ninayo, mpaka jirani akarudiwa na sauti yake.

"Tazameni Mungwana, leo analinda kisolo kama shamba ya mupunga."

Alfajiri mama mkwe hakunisindikiza. Jirani alinibebea mzigo mpaka barabarani. Nilipokuwa juu ya magunia ya pamba niligeuka, nikamwona mama mkwe amesimama barazani, kikapu mkononi, mbegu hajazifunika. Alikuwa anangoja vumbi letu lianguke.

Babu nilimkuta amekuwa mwepesi kama kitambaa. Alinishika kichwa, mabega, akauliza nilimpa mkwe wangu mchezo gani. Nikamwambia nilimpa yote aliyonifundisha, akaikataa yote, mwishoni akanipa wa kwake. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akataka nimweleze zilivyosimama. Nikamweleza, shimo kwa shimo. Nilimfundisha na sheria za kule, na siku zilizofuata akawa anaicheza ile zamu yangu kichwani mwake. Tunakula, anaacha tonge. "Ile ya pili unayoitaka," anasema, "ukishaichukua hazina yake, upande wako wa kushoto umebaki wazi. Ameiona huyo mama. Usimdharau."

Niliona kitu ambacho kaka yangu hakunieleza. Baraza lilikuwa tupu. Wale wazee wa bao kubwa walikuwa wamekwisha mmoja mmoja, makarani walikuwa na mahali pao pa kunywea bia, na kahawa ya babu ilipikwa kikombe kimoja. Mchezaji wake nilikuwa nimebaki mimi. Tulicheza kila alasiri, vidole vyake vikisoma mashimo, na bado alinifunga. Wazee wa nyumbani walisema unaona, mahali pako ni hapa. Niliendelea kupanga kete. Nilipokuwa Kabambare nilimlilia babu, na sasa jua likifika kwenye michikichi nilikuwa naona kikapu kilichofunikwa barazani.

Jibu alilitoa babu mwenyewe. Aliwaambia wanitafutie kamiyo. "Iko na muchezo unamungoja," akasema, na wale wazee wakatazamana, kwa sababu walijua ni yeye atakayebaki peke yake na kahawa yake.

Siku ya kuondoka tulicheza asubuhi, mzigo wangu ukiwa mlangoni. Alikuwa ananishinda. Zamu ilikuwa yangu. Honi ikalia barabarani, naye akaondoa mikono yake kwenye bao. Nikachukua mfuko wa kete, nikaufungua.

"Acha," akasema babu.

Nikamkumbusha wale wasioonekana.

"Wacheze. Nitakuwa na watu barazani. Niletee kawa."

Nilileta kawa ya kufunikia chakula, ile kubwa ya ukindu, nikaiweka pajani mwake. Nikamwambia asifunike kwanza, kule kwetu wanangoja mpaka vumbi ianguke. Nilisema kule kwetu, na sote wawili tulilisikia.

"Vumbi siioni," akasema. Vidole vyake vilikuwa vinazunguka ukingo wa kawa. "Nenda, mama. Nitangoja gari inyamaze."